Jasho Limekwenda Wapi?

Mtu anayetoka Ifakara leo kwenda Lupiro au Mahenge huuvuka mto Kilombero bila hata kuutazama. Daraja lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, limemwondolea adha ya kungoja. Sisi tuliokuwa watu wazima kabla ya hapo tulikaa kivukoni saa nzima, na pengine nusu siku, tukisubiri pantoni. Wapo waliolaani kungoja huko, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini mtu akingoja kando ya maji hana budi kuyatazama, na akiyatazama kwa muda mrefu huanza kujiuliza maswali. Haya niyaandikayo yanatokana na swali moja lililoulizwa pale kivukoni mwaka 1978, ambalo mimi, mwalimu, nililijibu vibaya.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi kijana wa sayansi katika chuo kimoja cha ualimu. Nchi ilikuwa katika mbio za Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo mwaka 1977, na walimu hawakutosha. Kwa hiyo vyuo vilijaa vijana. Tulifundisha kwa Kiswahili, vitabu vilikuwa haba, na mara nyingi kitabu cha mkufunzi kilikuwa ni daftari lake mwenyewe alilolitafsiri usiku kwa mwanga wa chemli. Daftari langu lilisema hivi: kazi ni kani mara umbali. Kani ni ile nguvu isukumayo au ivutayo kitu. Umbali, nilivyoelewa mimi, ni ule mstari ulionyooka kutoka mahali kitu kilipoanzia hadi mahali kilipoishia.

Siku hiyo nilikuwa nimewatoa wanachuo darasani tukaenda mtoni. Nyuma ya mti ulioangukia majini, maji yalikuwa yakizunguka polepole, na ndani yake kibuyu kilichotupwa kilikuwa kikienda mviringo, kinarudi, kinakwenda tena. Nikaona nimepata mfano mzuri. Nikawauliza: kibuyu kikimaliza duara moja na kurudi palepale, maji yamekifanyia kazi kiasi gani? Wakasita. Nikajibu mwenyewe: sifuri, kwa sababu umbali kutoka mwanzo hadi mwisho ni sifuri.

Kijana mmoja wa Kindamba, ambaye kwao ni wavuvi wa vizazi vingi katika mto ule, akanyosha mkono. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Mimi nikipiga kafi nikazunguka hapa na mtumbwi hadi niliporudi nilipoanza, nitakuwa nimetoka jasho. Kama kazi ni sifuri, jasho limekwenda wapi?"

Wenzake wakacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikacheka pamoja nao. Nikamwambia, "Jasho si fizikia." Akaketi. Sikumsikia tena akiuliza swali hadi mwisho wa mwaka.

Katika mtihani wa muhula niliuweka mfano ule. Mtu anapiga kafi kwa kani ya nyutoni 50 kuelekea anakokwenda, anazunguka duara lenye mzingo wa mita 20 na kurudi alipoanza. Je, amefanya kazi kiasi gani? Darasa zima waliandika sifuri. Yeye aliandika jouli 1,000. Nikachora alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Msomaji asiyejali hesabu anivumilie, kwani jambo hili si la hesabu peke yake. Tulikuwa tunalitumia neno kazi katika kila pumzi. TANU ilikuwa imetufundisha Uhuru na Kazi. Wazee walitukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asiye na ajira tulisema hana kazi, hata kama tangu alfajiri alikuwa shambani akiinama katika jaruba la mpunga. Neno lenye maana nyingi namna hiyo likiingia katika fizikia linahitaji kubanwa, na mimi nililibana mahali pasipo pake.

Hata huko Ulaya neno hili halikupata maana yake ya kisayansi kwa siku moja. Mafundi wa mashine za mvuke na magurudumu ya maji walijua tangu zamani kwamba kuna kitu kinachopimwa kwa kuzidisha uzito kwa urefu unaoinuliwa, ila kila mmoja alikiita kwa jina lake. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis ndiye aliyekiita kazi katika kitabu chake cha mwaka 1829, na mwenzake Jean-Victor Poncelet, aliyekuwa akiwafundisha mafundi mjini Metz, akalieneza neno hilo. Walichukua neno la kila siku, lile la kibarua na la fundi, kwa sababu walitaka kupima kile ambacho mwenye kiwanda anakilipia.

Nusu karne hivi kabla yao, James Watt wa Uskoti alitaka kuwaeleza wanunuzi wa mashine zake kwamba mashine moja ni sawa na farasi wangapi. Husimuliwa kwamba hesabu yake ilitokana na farasi wa kusukuma kinu. Farasi huyo alikwenda duara lenye nusu kipenyo cha futi 12, akalizunguka mara 144 kwa saa, akivuta kwa kani ya ratili 180. Tukibadili kwa vipimo vyetu, kila duara lilikuwa na mita 23 hivi, na kani ilikuwa karibu nyutoni 800. Basi kila duara ni jouli 18,400 hivi. Ukigawa kazi ya saa nzima kwa sekunde zake unapata wati zipatazo 740, na hapo ndipo kilipozaliwa kizio cha nguvu-farasi tunachokisoma hadi leo kwenye mashine za kukoboa mpunga pale Ifakara.

Farasi yule kwa saa moja alikuwa ametembea zaidi ya kilomita tatu, na alikuwa palepale alipoanzia. Kwa kanuni yangu ya mwaka 1978 hakuwa amefanya kazi yoyote. Nguvu-farasi ya dunia nzima ingekuwa sifuri! Wala hatuna haja ya kwenda Uskoti. Huku kwetu pwani, Zanzibar na Lamu, mafuta ya ufuta yalikamuliwa kwa vinu vilivyozungushwa na ngamia. Ngamia alikwenda mviringo siku nzima asifike popote, na mafuta yakatiririka. Mzee yeyote wa Lamu angeweza kunisahihisha.

Kosa langu nililigundua mwaka 1984, nilipokuwa nimepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jioni moja maktabani nilifungua kitabu cha mekanika, nikakuta kwamba ile kanuni ya kani mara umbali ulionyooka ni ya kani isiyobadilika ukubwa wala mwelekeo. Kani ikigeuka njiani, kama igeukavyo kani ya mpiga kafi kila mtumbwi unapokata kona, kanuni hiyo haifai. Yakupasa uikate njia vipande vidogo vidogo kama hatua za mtu. Katika kila hatua utazame ni kiasi gani cha kani kinaelekea kule hatua inakokwenda, ukizidishe kwa urefu wa hatua, uandike. Kani ikisukuma mbele unajumlisha. Ikirudisha nyuma unatoa. Mwisho wa njia jumla hiyo ndiyo kazi. Kijana wa Kindamba alikuwa ameelekeza kafi yake mbele katika kila hatua ya mita 20. Nyutoni 50 mara mita 20 ni jouli 1,000. Nilikaa pale nikiwa na kitabu wazi mbele yangu, uso ukiniwaka.

Sitaki msomaji adhani kwamba njia ya kurudi palepale haitoi sifuri kamwe. Mchukue mtu wa kilo 60 anayetoka bonde la Ifakara kupanda Mahenge, mwinuko wa mita 700 hivi. Uzito wake ni nyutoni 600 hivi. Akipanda, mvutano wa dunia unamrudisha nyuma kwa kazi ya jouli 420,000. Akishuka kurudi Ifakara, mvutano uleule unamsukuma mbele kwa jouli 420,000. Jumla ya kazi ya mvutano ni sifuri, apite barabara kuu au apite njia ya panya. Lakini hiyo ni kazi ya mvutano. Kazi ya misuli ya miguu yake haikufutika, wala ya msuguano. Kwa hiyo anayeuliza habari za kazi sharti aseme ni kazi ya nani. Hilo nalo sikulisema siku ile mtoni.

Sasa tukirudie kibuyu. Hapa ndipo lilipo jambo la pili, nalo lilinichukua miaka zaidi. Kibuyu kilikuwa kikielea kwa mwendo uleule wa maji. Kwa kuwa maji hayakukipita wala hayakuachwa nyuma, hayakuwa yakikisukuma mbele wala kukivuta nyuma. Kweli, katika duara moja yalikifanyia kazi sifuri, au karibu na sifuri. Jibu langu lilikuwa sahihi na sababu yangu ilikuwa ya uongo, na katika ualimu hilo ni baya kuliko jibu lisilo sahihi, maana hakuna anayekushtua. Lakini ikiwa kazi ni sifuri, ni kitu gani basi tulichokuwa tukikiona pale kwa macho yetu? Maji yalikuwa yakizunguka. Kuzunguka huko nako kunapimika, na kipimo chake si kazi. Kinaitwa mzunguko.

Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyeanza maisha kama daktari wa jeshi, aliandika mwaka 1858 juu ya maji na hewa vinavyojizungusha. Mskoti Peter Guthrie Tait alipoisoma kazi hiyo alitengeneza sanduku la kutoa pete za moshi, kama zile wavutaji sigara wanazozipuliza, na mwaka 1867 akamwonyesha rafiki yake William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Pete zilikwenda chumba kizima bila kuvunjika. Thomson akavutiwa mno, akatangaza kwamba huenda atomi zote za dunia ni pete za namna hiyo ndani ya kitu kisichoonekana. Alikosea kabisa. Lakini katika kuitafuta njia hiyo iliyopotea alichapisha mwaka 1869 kipimo chenye manufaa hadi leo, akakipa jina la mzunguko.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chora njia iliyofungika ndani ya maji, yaani njia inayorudi ilipoanzia. Itembee kwa hatua ndogo ndogo. Katika kila hatua tazama ni kiasi gani cha mwendo wa maji kinaelekea kule hatua inakokwenda, kizidishe kwa urefu wa hatua, uandike. Ukienda na mkondo unajumlisha, ukienda kinyume unatoa. Mwisho wa njia jumla hiyo ndiyo mzunguko.

Msomaji ataona kwamba namna ya kuhesabu ni ileile. Hatua ni zilezile, kujumlisha na kutoa ni kulekule. Ndiyo sababu wanafunzi huvichanganya vitu hivi viwili. Tofauti iko katika kile unachokibeba njiani. Anayepima kazi amebeba kani. Anayepima mzunguko amebeba mwendo. Vizio vyake vinalisema hilo waziwazi: kazi hupimwa kwa jouli, mzunguko kwa mita za mraba kwa sekunde. Vitu viwili visivyo na kizio kimoja haviwezi kuwa kitu kimoja, hata vihesabiwe kwa namna moja. Debe hupima mpunga na debe hupima mafuta ya taa, wala hakuna apikaye mafuta ya taa akala.

Tena maswali yake ni tofauti. Kazi huuliza: kimelipwa nini, na nani amelipa? Mzunguko huuliza: je, hapa pana kujizungusha? Tuseme katikati ya mto Kilombero, mahali maji yanapokwenda sawasawa mita moja kwa sekunde, unachora mstatili. Unashuka na mkondo mita 10: unaandika kumi. Unakata kwenda ng'ambo: hakuna mwendo upande huo, unaandika sifuri. Unapanda kinyume cha mkondo mita 10: unatoa kumi. Unarudi ulipoanza: sifuri. Jumla ni sifuri. Maji yanakwenda kwa kasi lakini hayajizungushi. Sasa usogeze mstatili karibu na ukingo. Upande wa ndani maji yanakwenda mita moja kwa sekunde, lakini kwenye matete yanakwenda desimali mbili tu. Unapata kumi kutoa mbili, yaani nane. Mzunguko upo, ingawa kwa macho maji yananyooka. Tupa jani hapo uone: litashuka na mto huku likijigeuza. Wavuvi wanalijua jambo hili bila kuliandika, ndiyo maana mtumbwi hawauachi ulale ubavu mahali pale.

Hapa siwezi kuacha kutaja mtihani mmoja, kwa kuwa mimi ni mtu wa mitihani. Mwaka 1850 Thomson alimwandikia mwenzake George Gabriel Stokes barua yenye kanuni fulani, na mwaka 1854 Stokes akaiweka kama swali la mtihani katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni hiyo inasema kwamba ukijumlisha kujizungusha kote kudogo kudogo kulikomo ndani ya eneo, unapata mzunguko wa mpaka wake. Kwa mtu wa Ifakara nitaieleza kwa majaruba. Ukitembea kulizunguka kila jaruba, kila tuta la katikati utalipita mara mbili, mara moja kwenda na mara moja kurudi, nalo litajifuta; yatakayobaki ni matuta ya nje ya shamba zima. Miongoni mwa vijana waliofanya mtihani ule alikuwamo James Clerk Maxwell, ambaye baadaye alitumia hesabu hiyohiyo kuandika sheria za umeme na sumaku. Mtihani wa Stokes ulimfungulia mwanafunzi mlango. Wangu nilikuwa nimeufunga.

Lakini lile swali la jasho bado halijajibiwa. Jasho lilikwenda wapi? Jibu lilipatikana Uingereza mwaka 1845, nyumbani kwa mtengeneza pombe, James Prescott Joule. Alichukua chombo cha maji, akatia ndani yake makafi yaliyofungwa kwenye mhimili, akayazungusha kwa mawe ya mizani yaliyokuwa yakishuka taratibu. Mawe yalifanya kazi, nayo ilipimika. Makafi yakayazungusha maji. Baadaye maji yakatulia, mzunguko ukaisha, lakini kipimajoto kilionyesha kwamba maji yamepata joto kidogo. Kazi haikupotea, ilipita katika mzunguko wa maji, ikaishia kuwa joto. Ndivyo ilivyo kwa mpiga kafi. Zile jouli 1,000 aliwapa maji. Maji yakavurugika, yakajizungusha nyuma ya mtumbwi, yakatulia, na mto Kilombero ukapata joto dogo mno ambalo hakuna awezaye kulipima. Jibu la kijana wangu lingekuwa: limo mtoni. Lingenigharimu sentensi moja.

Pana mahali ambapo kazi na mzunguko hukutana, napo ni katika bonde letu. Kule Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, mashine nne za megawati 51 kila moja huzungushwa na maji yaangukayo; za kwanza zilianza mwaka 1975. Ndani ya mashine, sumaku huzunguka karibu na koili za waya. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku ikibadilika karibu na waya uliofungwa mviringo, chaji za umeme ndani ya waya husukumwa kuuzunguka. Ukitembea kwenye waya huo kwa hatua ndogo ndogo, ukibeba safari hii msukumo wa umeme kwa kila kizio cha chaji, jumla yake hairudi sifuri. Jumla hiyo ni mzunguko wa uga wa umeme. Vilevile ni kazi anayofanyiwa kila kizio cha chaji akizunguka mara moja, nayo ndiyo tunayoisoma kwa volti. Hapo majina mawili yameshika kitu kimoja, kwa sababu kilichobebwa njiani safari hii ni kani yenyewe iliyogawanywa kwa chaji. Wazungu wa zamani waliiita jumla hii kani, ingawa si kani bali ni kazi kwa chaji, na wanafunzi wao wamechanganyikiwa hadi leo. Si sisi peke yetu tunaoteswa na majina.

Wala asidhani mtu kwamba Kidatu wamepata kazi ya bure kwa sababu ya kuzunguka. Waya ukianza kutoa umeme, sumaku huwa nzito kuzungushwa, na maji lazima yalipe kwa kuanguka. Na maji yaliinuliwa hadi milimani na jua. Ngamia wa Lamu alilipa kwa majani aliyokula, na kijana wangu kwa wali aliokula asubuhi ile. Hata moyo, ambao mzunguko wake wa damu tuliufundisha katika baiolojia bila kuuhusisha na fizikia, hulipa jouli kama moja kila sekunde, usiku na mchana, ili damu irudi palepale ilipotoka. Anayeambiwa kwamba kurudi palepale si kazi na auweke mkono wake kifuani.

Haya yote niliyajua, kwa sehemu kubwa, kufikia mwaka 1986 nilipomaliza masomo. Nikapangiwa shule ya sekondari, baadaye nikawa mkuu wa shule, na miaka ikapita. Ningeweza kumwandikia yule kijana barua. Anwani yake ningeipata ofisi ya elimu kwa kuuliza mara moja. Sikuandika. Nilijiambia kwamba bila shaka ameshagundua mwenyewe, kwani alikuwa na akili. Ukweli ni kwamba niliona haya, na haya ya mkuu wa shule ni mzigo ambao hauwekwi chini kwa urahisi.

Mwaka 2017, daraja likiwa bado halijafunguliwa, nilikuwa nakwenda Lupiro kwenye msiba. Nikiwa kivukoni mtu mzima mmoja mwenye mvi akanisogelea akainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nilipoitikia marahaba nilikuwa nimeshamjua. Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, baada ya kufundisha shule za msingi za ng'ambo ya mto kwa miaka 37. Tukapanda pantoni pamoja, tukasimama kwenye ukingo wa chuma. Tuliulizana habari za watoto, za wake, za waliotangulia mbele ya haki. Kisha mwenyewe akacheka, akasema:

"Mwalimu, lile swali lako la mtumbwi nimewapa watoto wangu kila mwaka. Mita 20, nyutoni 50, unarudi ulipoanza. Sifuri! Wengi huwa linawashinda."

Nikaona maji yananizunguka mimi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, jibu ni jouli elfu moja. Wewe ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na nimelijua hilo tangu mwaka 1984."

Alinyamaza muda mrefu. Pantoni ilikuwa imefika katikati ya mto. Akasema taratibu, bila hasira, "Palikuwa na binti mmoja, Mwalimu. Miaka mingi imepita. Alikataa katakata kwamba ni sifuri. Alisema mama yake huteka maji kisimani, huenda na kurudi, na huchoka." Akatazama maji. "Nikamwambia jasho si fizikia."

Hatukusema tena hadi pantoni ilipogota ng'ambo. Kwenye kivuli cha mwembe, wakati gari la Lupiro likijaza abiria, alinitaka nimweleze lilipo kosa. Nikaokota kijiti nikachora duara mchangani, nikalikata hatua hatua. Alikuwa mwepesi kuelewa kama zamani. Tulipofika kwenye kibuyu aliniuliza maswali matatu mfululizo, na la tatu sikuweza kulijibu. Nikamwambia sijui. Akafurahi sana.

Siwezi kuwahesabu watoto waliopita mikononi mwake kwa miaka 37, wala wale waliopita mikononi mwa wanachuo wengine wa darasa lile walioandika sifuri nikawapa alama zote. Baadhi yao sasa nao ni walimu. Kitabu hiki ni kidogo, na nakala zake ni chache, lakini huenda kimoja kikamfikia mmoja wao. Kwake naandika masahihisho haya, kama nilivyopaswa kuyaandika ubaoni mwaka ule:

Kazi ni jumla ya kani hatua kwa hatua katika njia yote, na mtu anaweza kurudi palepale akiwa ameifanya. Mzunguko ni jumla ya mwendo hatua kwa hatua katika njia iliyofungika, nao waweza kuwapo pasipo kazi yoyote kufanywa. Mpiga kafi amefanya kazi ya jouli 1,000. Jasho lake limo mtoni. Na yule binti wa kisimani, popote alipo, apewe alama zake.